Lakteti ikipanda, uliza kwanza nani alibeba boksi

Saa nne usiku simu inaita. Ni kijana tunayefanya naye kazi, sauti imejaa furaha anayojaribu kuificha.

"Kaka, samahani kwa kukusumbua. Nimepata kitu. Lakteti za wagonjwa ziko juu karibu mara mbili ya wenzao, glukosi imeshuka, na makundi yamejitenga kabisa."

"Damu za wagonjwa zilitolewa wapi?"

"Kliniki."

"Na za wasio wagonjwa?"

Akanyamaza. "Hapa hapa maabara, kaka. Ni sisi wafanyakazi na ndugu zetu."

Tukalala. Asubuhi tukaanza kutafuta ugonjwa halisi, na ugonjwa haukuwa kwa wagonjwa.

Niliyoyaandika hapa ni kwa ajili ya anayefanya metabolomiki ya saratani katika jiji hili la Dar es Salaam: anayepima mamia ya molekuli ndogo kwa mkupuo, yaani sukari, asidi za amino, mafuta na mabaki ya vinasaba, kwenye plazma (majimaji ya damu yasiyo na chembe), tishu au seli za kukuza. Nimepanga kwa dalili kama zinavyojitokeza kwenye skrini. Dalili nyingi chanzo chake hakiko kwenye mashine, yaani spektromita ya masi inayopima uzito wa molekuli zilizotiwa chaji (ioni), ndiyo maana mashine nimeiweka mbali.

Kabla hujafungua kifuniko chochote

Tazama mchanganyiko wa udhibiti. Unachota kidogo kutoka kila sampuli, unachanganya kwenye chupa moja, unagawa vipande, na kila kipande unakiandaa kama sampuli ya kawaida. Kisha unakipima kila baada ya sampuli tano hadi kumi. Kwa kuwa ni kitu kilekile, jibu linapaswa kuwa lilelile. Likipanda na kushuka, tatizo liko kati ya meza yako ya kuandalia na mashine. Likitulia huku sampuli zenyewe zikiruka, usimsumbue fundi, kwa sababu jambo liliharibika kabla boksi halijafika mlangoni kwako.

Metaboliti (molekuli mojawapo ya hizo ndogo) inayocheza zaidi ya asilimia 30 kwenye mchanganyiko huo naitupa, hata kama ndiyo niliyoipenda. Kwa kazi ya kupima kiasi kamili cha molekuli inayojulikana sikubali zaidi ya 15. Kama hukutengeneza mchanganyiko, huna pa kuanzia. Rudi uutengeneze kwa plazma iliyobaki, na kama hakuna iliyobaki, pole.

Lakteti juu, glukosi chini, na ni kwa wagonjwa tu

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote, kwa sababu inafanana mno na tunachokitafuta. Tangu miaka ya 1920 Otto Warburg alionyesha kwamba uvimbe wa saratani humeza glukosi na kutoa lakteti hata pale oksijeni ilipo. Kila mwanafunzi amelisoma hilo, na akiliona kwenye data yake moyo unamwenda mbio.

Lakini chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, viwanda vya nishati vya seli. Riziki yao yote ni kuvunja glukosi na kuacha lakteti. Ukishatoa damu na kuiacha kwenye tyubu, chembe hizo hazijui kwamba ziko nje ya mwili, zinaendelea kula. Kwenye joto la kawaida la chumba glukosi hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na chumba chetu cha Februari si hicho wanachokiita cha kawaida kwenye vitabu. Tyubu iliyokaa saa nne juu ya kaunta, ikapanda bodaboda, ikakwama Tazara, inafika ikiwa na "saratani" tele, hata kama ni damu ya mtu mzima wa afya.

Namna ya kuthibitisha: usiishie kwenye lakteti. Tafuta haipozanthini. Damu ikicheleweshwa kabla ya kutenganishwa, chembe huvunja akiba yao ya nishati na haipozanthini huvuja kwenye plazma. Glutameti nayo hupanda, glutamini ikishuka. Ukiona haipozanthini na lakteti zimepanda pamoja, na zinapanda kwa kufuata siku ya kukusanya au jina la aliyebeba boksi badala ya hatua ya ugonjwa, una jibu lako.

Sisi tulifanya jaribio la siku moja. Mimi na yule kijana tulitolewa damu, tukaigawa kwenye tyubu za kifuniko cha zambarau, nusu kwenye barafu na nusu mezani, tukatenganisha plazma mara moja, kisha baada ya saa 1, 2, 4 na 8. Gharama yake ni sindano mbili na chai ya kupoza machungu. Kwenye mchoro, tyubu zangu za saa nane mezani zilikwenda kukaa katikati ya wagonjwa. Kijana alicheka, halafu hakucheka tena.

Kuna wanaoshauri tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi inayozuia chembe kula sukari. Kwa kipimo cha sukari hospitalini, sawa. Kwa kazi yetu hapana: floridi huchelewa kufanya kazi, kwa hiyo sukari ya saa ya kwanza inaendelea kupotea, na chumvi yake inakwenda kuvuruga ioni kwenye mashine. Tyubu za sitreti nazo ziache kama unataka kupima sitreti. Inaonekana ni jambo la wazi, ila nimekutana nalo.

Dawa ya tatizo lenyewe ni kupeleka sentrifuji (kifaa cha kuzungusha damu ili plazma ijitenge) kliniki, si kuharakisha bodaboda. Sentrifuji ndogo ya mezani, boksi la barafu, na plazma inatenganishwa ndani ya nusu saa, kisha inasafiri ikiwa imeganda. Na tafadhali, barafu ya maji ni nyuzi 0. Barafu kavu ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu ya kuhifadhia samaki pale Feri ni nzuri kwa jodari, kwa plazma iliyoganda ni sawa na kuiyeyusha njiani.

Saa za fomu zisizopatana

Hii sijawahi kuiona kwenye mwongozo wowote wa Ulaya, na ndiyo iliyotuchukulia wiki mbili.

Fomu ya kliniki: damu imetolewa 2:20. Daftari la sentrifuji: 08:55. Aliyeingiza data akahesabu saa sita na dakika thelathini na tano, akaiweka kwenye kapu la "zilizochelewa". Muuguzi aliandika saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kama mtu yeyote wa Pwani anavyosema saa. Sampuli ilikuwa na dakika thelathini na tano tu, bora kuliko nyingi.

Hiyo ni hasara ndogo, maana uliitupa iliyo njema. Inayouma ni ile ya upande wa pili. Kompyuta ya mapokezi imechapa 08:00. Mtu wa zamu kwenye sentrifuji ameandika kwa mkono 8:40, akimaanisha saa nane na dakika arobaini mchana. Kwenye jedwali zinasomeka dakika arobaini, safi kabisa, wakati damu imekaa saa sita na dakika arobaini. Hakuna programu itakayokuonya, kwa sababu namba inapendeza.

Ukiona sampuli zenye muda mzuri kwenye karatasi lakini haipozanthini yake iko mawinguni, chukua fomu zenyewe, si jedwali, ukakae na waliojaza. Usiende kwa kukaripia. Mimi nilimkuta mama muuguzi mwenye umri wa mama yangu, nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, hii mbili na ishirini ni ya asubuhi?" Akanitazama kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Sasa mwanangu, saa mbili usiku mimi niko hapa nafanya nini?"

Fomu yetu sasa ina visanduku vya asubuhi, mchana na jioni, na tyubu hupigwa picha na simu ya kazi ikiwa na namba yake tu. Jina la mgonjwa lisionekane. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, si adabu.

Alama mpya ya saratani yenye masi ya 462.18

Programu inakuletea kilele (alama ya molekuli kwenye mchoro) ambacho kila mgonjwa anacho na hakuna mwingine aliye nacho. Ioni chanya, masi kwa chaji 462.176. Hongera: umegundua mofini baada ya ini kuishughulikia. Mwenye saratani ana maumivu, akapewa mofini ya kunywa, na wewe umepima huruma ya daktari wake.

Nina orodha ukutani ya zinazojirudia. Parasetamoli iliyounganishwa na asidi ya glukuroni, ioni hasi 326.088. Metformini, chanya 130.109, kwa wenye kisukari. Kafeini, 195.088, kwa waliokunywa chai kabla ya kuja, ingawa waliapa kwamba hawajatia kitu mdomoni. Deksamethasoni inayotolewa kabla ya dawa za saratani hupandisha sukari. Dripu ya dekstrozi kwenye mkono uleule unaotolewa damu ndiyo balaa, sukari inasoma kama soda. Samaki wa jana usiku huacha oksidi ya trimethilamini. Kundi lako la kulinganisha likiwa wanafunzi wanaoishi kwa chipsi mayai, utaandika kwamba saratani inapandisha molekuli ya changu wa kupaka.

Malaria nayo ipimwe, kile kipimo cha haraka kinatosha. Kimelea hula glukosi, hutoa lakteti na huvunja arginini, mojawapo ya asidi za amino. Hayo yote utayahesabia uvimbe.

Kwa saratani ya umio, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki inautesa kuliko sehemu nyingi za dunia, kuna mtego mkubwa zaidi. Mgonjwa anafika akiwa hawezi kumeza, wiki kadhaa ni uji mwepesi na maji. Ketoni zake zimepanda, asidi za mafuta ziko huru kwenye damu, asidi za amino za misuli zimevurugika. Hiyo ni njaa. Ukimlinganisha na mtu aliyeshiba, utapima njaa na kuiita saratani. Tafuta wa kulinganisha miongoni mwa wanaoshindwa kumeza kwa sababu nyingine, au angalau rekodi uzito uliopotea na mlo wa mwisho. Mwezi wa Ramadhani andika pia kama mtu alikula daku. Aliyefunga na asiyefunga si kundi moja saa tisa alasiri.

Plazma ya waridi

Chembe zimepasuka. Sindano nyembamba, mkanda uliokazwa muda mrefu, tyubu iliyogusana moja kwa moja na barafu, au mtikisiko. Chembe zikipasuka humwaga kimeng'enya cha arginasi, hivyo arginini inashuka na ornithini inapanda. Piga picha kila tyubu juu ya karatasi nyeupe, linganisha na kadi ya rangi, weka alama 0 hadi 3. Zenye 3 sizipimi.

Kwenye seli za kukuza, arginini imetoweka na sitrulini imejaa

Usiandike makala. Pima maikoplazma. Bakteria hao hawana ukuta, hawaonekani kwa darubini ya kawaida, hawaleti ukungu kwenye chakula cha seli, na wengi wao hula arginini kwa njia inayoacha sitrulini. Nimeona wiki sita za data za "dawa inayobadilisha umetaboli wa arginini" zikiishia kwenye ndoo. Ukikuta wamo, tupa seli, anza na chupa mpya kutoka naitrojeni ya kimiminika, na uwaulize jirani zako wa kabati la seli, maana hawaji peke yao.

Mengine ya seli ni ya haraka. Ukizibandua kwa tripsini, zinavuja wakati unasubiri. Mwaga chakula, suuza mara moja kwa maji ya chumvi baridi, mimina methanoli ya asilimia 80 iliyopozwa, kwangua. Usisuuze kwa bafa ya fosfeti, fosfeti itazima ioni zako. Seramu ya ndama ina metaboliti zake, tumia iliyochujwa.

Kuhusu haidroksiglutareti-2, subiri kidogo kabla ya kupiga vigelegele. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli zenye badiliko kwenye kijeni cha IDH1 huitengeneza kwa wingi, na tangu hapo kila mtu anaitafuta. Lakini ipo ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto, na kolamu ya kawaida (bomba linalotenganisha molekuli kabla hazijaingia kwenye mashine) haizitofautishi. Ya badiliko ni ya kulia. Seli zilizokosa oksijeni hutengeneza ya kushoto. Seli zilizosongamana kwenye sahani, au kipande cha uvimbe kilichokaa kwenye bakuli la chumba cha upasuaji nusu saa kikisubiri mtu wa kukichukua, vinatosha kukupa kilele kizuri cha uongo.

Sasa mashine

Shinikizo linapanda kila siku kidogo. Kabla ya kulaumu kolamu, nusa chupa ya maji. Kwa joto letu, maji safi yasiyo na kiyeyushi huota utelezi ndani ya siku chache, na utelezi huo unakwenda kuziba kichujio. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, usijazie juu ya yaliyobaki, na ukiweza tia asilimia 5 ya asetonitraili. Kama maji ni mapya, fungua kolamu upande mmoja na usome shinikizo bila hiyo. Likishuka, kosa ni la kolamu, lisiposhuka, ni bomba au sindano.

Vilele vinahama, leo dakika 6.2, kesho 5.7. Kolamu za molekuli zinazopenda maji zinataka muda mrefu wa kutulia kati ya sampuli, na watu hukata muda huo ili wamalize mapema. Sababu ya pili ni bafa: fomati ya amonia hunyonya unyevu wa hewa, na chombo kilichofunguliwa Aprili, masika yakiwa yameshika, ukipima gramu moja unapima na mvua ndani yake. Weka kwenye chombo chenye chembe za kukausha.

Vilele vya ngazi, kila kimoja kimepishana na kingine kwa 44.026: ni polyethilini glikoli, kutoka sabuni au losheni. Kilele cha 391.284 kisichoondoka: plastiki. 445.120: silikoni. Chupa za kiyeyushi zisioshwe kwa sabuni ya unga kamwe. Dada mmoja wa usafi alitufanyia hisani ya kuziosha ziking'aa, tukalia mwezi mzima. Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia.

Umeme ulipita hapa

Hata sekunde moja inatosha. Pampu ya turbo, inayotunza ombwe ndani ya mashine, ikizimika, hewa inaingia, na masi zinachukua siku nzima au zaidi kutulia. Dalili utakayoiona ni masi zote kusogea upande mmoja, na kelele juu ya kila kitu. Usianze kupima kwa sababu tu taa zote zimekuwa kijani; pima mchanganyiko wa udhibiti mara kumi mfululizo, uanze pale tano za mwisho zitakapofanana. Betri ya akiba ibebe mashine, pampu na kompyuta pamoja, maana kuna walioinusuru mashine wakaisahau kompyuta. Kiyoyozi hakihitaji kubebwa, lakini kikizima chumba kinapanda hadi nyuzi 31 na masi zinahama bila umeme kukatika kwenye mashine yenyewe. Hiyo hudanganya mafundi wengi.

Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri ni habari nyingine. Sampuli zilizopanda joto usiku wa Ijumaa na kuganda tena Jumapili zinaonekana nzima Jumatatu. Watu huweka sarafu juu ya kikombe cha barafu. Sarafu ikizama wanajua. Ujanja mzuri, ila kwa jokofu letu unachelewa: maji yanayeyuka kwenye 0, na kufika hapo plazma imeshapitia mengi. Tumia ethanoli na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko unaoganda kwenye nyuzi thelathini na kitu chini ya sifuri. Na weka kirekodi cha joto chenye betri yake, kisichotegemea soketi ileile iliyozimika.

Picha inapendeza mno

Makundi mawili yamejitenga bila nukta moja kuvuka. Kwa saratani halisi, kwa watu halisi, hilo halitokei kirahisi. Angalia mpangilio wa kupima. Mara nyingi wagonjwa walipimwa Jumatatu na wa kulinganisha Jumanne, na ulichokitenganisha ni siku. Au wagonjwa walikuwa droo ya juu na wengine ya chini. Au wagonjwa wana miaka miwili jokofuni na wenzao wana wiki mbili.

Yule kijana alirudia. Safari hii wa kulinganisha walitolewa damu kwenye kliniki ileile, kwa muuguzi yuleyule, asubuhi zilezile, sentrifuji ikiwa mezani pale. Orodha ya kupima ilichanganywa na kompyuta, kila mgonjwa karibu na mwenzake wa umri na jinsia ileile, na mchanganyiko wa udhibiti kila baada ya sampuli sita. Lakteti ikarudi sawa kwa makundi yote mawili. Zilibaki metaboliti nne zilizopishana kidogo, mbili kati ya hizo ni isoma (zenye masi moja, maumbo tofauti) ambazo bado hatujazitenganisha, na moja tunashuku ni ya uji.